Jina Chini ya Kiraka

Meza ya Winfrida ilitolewa sebuleni kabla hata mgonjwa hajashushwa kwenye gari. Nsajigwa, mumewe, alishika upande mmoja, Prisca, mdogo wake Nsajigwa, akashika upande wa pili, wakaipitisha mlango wa nyuma wakiikwaruza ukutani, wakaitua katika jiko la nje, kati ya mafiga na mkungu wa ndizi. Winfrida alifuata nyuma ameikumbatia kompyuta yake. Baba mkwe amekuja, na mkwe wa kike hakai chumba kimoja na baba mkwe wake. Basi.

Desturi hiyo Wanyakyusa wameikuta, na mzee akiwa na kwake na mkwe akiwa na kwake haimuumizi mtu. Zamani Mzee Amoni alipokuja Msasani, hii ya Tukuyu, kusalimia, Winfrida alikuwa akipika, Prisca au mtoto anapeleka chakula, yeye anabaki uani mpaka mgeni aage. Wakikaribia kukutana njiani, anapinda na kushika njia ya migombani. Lakini hii ya sasa haikuwa ziara. Mzee alikuwa na kidonda cha mguu kilichokataa kupona, na daktari alitaka akae karibu na hospitali ili kisafishwe kila mara. Kutoka kijijini kwake Ikuti asingeweza. Kitanda kikawekwa sebuleni, na sebule ikawa yake. Soketi ya umeme wa uhakika ilikuwa humo. Kisanduku cha intaneti kilikuwa humo. Vyote viwili vikawa mali ya mtu ambaye Winfrida haruhusiwi kumtazama.

Kwa hiyo waya mrefu wa umeme ulipitishwa dirishani, ukatambaa uani juu ya matope, ukaingia jikoni. Mvua ya Tukuyu haina adabu ya kungoja, na kila iliponyesha Prisca aliuchomoa waya kwa kuogopa shoti, bila kumwambia mtu. Intaneti ilifika jikoni ikiwa hoi. Moshi ulifika na nguvu zake zote. Winfrida alifanya kazi amejifunga kitenge mabegani, macho yakimtoka machozi, na watu waliokuja kumjulia hali mzee walimkuta hapo.

"Mama Justa, bado unacheza na kompyuta tu, na mgonjwa yupo ndani?" aliuliza mama mmoja wa kwaya.

"Ni kazi, mama."

"Haya. Kazi za siku hizi."

Ilikuwa kazi, na haikuwa ndogo. Kampuni moja ya Dar es Salaam, Upeo Mifumo, ilikuwa imemwajiri kwa mkataba kukagua viraka vya kerneli, yaani marekebisho ya ile programu ya ndani kabisa inayoendesha mashine nzima. Wateja wa kampuni hiyo wana kompyuta kubwa kubwa, na kila moja imegawanywa ndani kwa ndani kuwa mashine nyingi zisizoshikika kwa mkono, kila moja na prosesa zake, yaani bongo zake za kufanyia kazi. Mashine pepe, ndivyo zinavyoitwa. Humo ndimo yanamokaa mambo ya watu: mafaili ya hospitali, tiketi za mabasi, matokeo ya mitihani. Katika yote hayo Winfrida alikuwa na kipande chake kimoja anachokijua kuliko watu wengi duniani, nacho ni jinsi prosesa ya mashine pepe inavyoamka na kuandaliwa kupokea makatizo. Katizo ni ishara inayoiambia prosesa iache ilichoshika, isikilize. Bila hiyo prosesa ni kiziwi.

Kiraka kilichomfikia wiki ile kilikuwa kimeandikwa na Dickson, mhandisi wa makao makuu aliyesifiwa kwa kasi. Kilikuwa kifupi, kisafi, na kilidai kuharakisha kuamka kwa mashine. Winfrida alikisoma mara ya kwanza akakipenda. Akakisoma tena, akaacha kukipenda. Dickson alikuwa amepindua mpangilio: prosesa inatangaza kwanza kwamba iko tayari, halafu ndipo inaandaliwa njia ya kupokea makatizo. Kati ya hayo mawili palibaki upenyo mdogo. Prosesa nyingine ikituma ishara ndani ya upenyo huo, ishara inapotea, na aliyeituma anabaki anasubiri jibu lisilokuja. Mashine nzima inaganda.

Alikiweka kiraka kwenye mashine ya majaribio ya kampuni, akaifanya iwashe na kuzima prosesa bila kupumzika. Ikaenda vizuri, ikaenda vizuri, kisha ikaganda. Akarudia, ikaganda tena, safari hii mapema zaidi. Akayaandika hayo yote hadharani, kwenye jukwaa la barua ambako wakaguzi wa dunia nzima husomana, akaambatisha ushahidi, akashauri mpangilio urudishwe ulivyokuwa.

Jibu la Dickson lilikuwa mstari mmoja: "Kwangu inafanya kazi. Labda kinachoganda ni mtandao wa huko kijijini kwenu."

Dunia nzima ilisoma. Winfrida alilisoma akiwa ameshika mwiko, na uso ukamwaka. Mashine ya majaribio haikuwa kijijini kwao. Ilikuwa Dar es Salaam, ghorofa moja chini ya kiti cha Dickson.

*

Godwin, mkuu wa kitengo, alipiga simu asubuhi yake. Godwin alizaliwa Kiwira, akaondoka kwenda kusoma na hakurudi, lakini alipenda kuwakumbusha watu kwamba na yeye ni wa huko, hasa anapokuwa na shida nao.

"Dada Winfrida, habari za baridi?"

"Nzuri, bosi."

"Sasa nisikilize. Mteja anataka kiraka cha Dickson kiingie kwenye toleo hili. Yule msimamizi wa kerneli huko ng'ambo hakipokei kiraka bila jina la mkaguzi anayemwamini, na hapa kwetu anayemwamini ni wewe tu. Weka jina tusonge mbele."

"Kina kosa, bosi. Nimeonyesha."

"Kosa lenyewe linatokea kwa nadra."

"Kwa nadra kwenye mashine moja. Wao wana mashine kama majani ya chai. Kila siku kuna moja itakayoganda, na bosi, mwenye mashine hatajua hata kilichomponza."

"Tutarekebisha baadaye, kwa kiraka kingine."

"Basi na jina langu liwekwe baadaye, kwenye hicho kingine."

Godwin alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayevua koti ili aanze kazi. "Winfrida, mkataba wako unaisha mwezi huu. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na bima ya familia imo ndani ya mkataba. Nasikia kuna mgonjwa hapo nyumbani. Nakutakia siku njema."

Alikata. Winfrida akabaki na simu sikioni. Alichokasirikia zaidi si kutishiwa. Alikasirikia ile "siku njema".

Maana bima ile ndiyo iliyokuwa inamtibu Mzee Amoni. Nsajigwa alikuwa mwalimu wa shule binafsi, shule ambayo mshahara hutoka mwenye shule akikumbuka, na bima hakuna. Lakini alikuwa amemwambia baba yake kwamba shule ndiyo inayolipia matibabu. Mwanamume atamwambiaje baba yake kwamba dawa anazomeza zinatoka kwa mkwe? Ndivyo alivyojitetea. Winfrida alimwachia uongo huo. Alidhani ni uongo mdogo wa kumsitiri mume, kama kumtengea yeye finyango kubwa mbele ya wageni.

*

Jioni Nsajigwa alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaanza kumenya ndizi bila kuombwa. Akishika kisu bila kuombwa, kuna jambo.

"Godwin amenipigia," alisema.

"Wewe anakupigia kwa lipi?"

"Namba yangu si umeiandika kule kwao kwamba ukipatwa na jambo wanitafute? Anasema umepatwa na jambo. Anasema unakataa kazi."

"Sikatai kazi. Kukataa ndiyo kazi yenyewe. Mkaguzi anayekubali kila kitu wamwajirie nini?"

"Mama Justa, ni jina tu. Huandiki uongo. Unaandika jina."

Winfrida aliweka chini mwiko. "Wewe ni mwalimu. Siku ya zamu yako, ubaoni pale ofisini panaandikwa: mwalimu wa zamu, Nsajigwa, yupo. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Sasa mkuu aandike kwamba upo wakati wewe bado uko njiani. Mtoto anaanguka darasani. Wenzake wanasoma ubaoni kwamba mwalimu wa zamu yupo, wanambeba mpaka mlangoni kwako, wanagonga, wanangoja. Hawaendi kwa mwalimu mwingine kwa sababu ubao umesema upo. Wanangoja tu na mtoto mikononi. Hicho ndicho kiraka cha Dickson. Na chini yake kuna mstari unaosema 'Imekaguliwa na'. Anayejaza hapo anasema: nimesoma ubao, ni kweli, mwalimu yupo."

Nsajigwa alimenya ndizi nyingine mpaka ikawa nyembamba kupita kiasi. "Nimeelewa," alisema. "Mimi nimeelewa. Na mguu wa Baba je?"

Hapo ndipo palipokuwa panauma. Winfrida hakuwa mtu wa chuma. Mchana ule alikuwa ameufungua ukurasa, akaanza kuandika jina lake kwenye mstari ule, akalifikisha katikati, akalifuta. Akaliandika tena. Alikuwa amewaza kidonda, amewaza harufu ile ambayo Prisca huificha kwa dawa ya mbu, amewaza mzee akikatwa mguu, na watu wa Ikuti wakisema mkwe ndiye aliyemkatisha. Kisha akawaza mgonjwa mwingine, asiyemjua, akilala mahali fulani huku daktari akitazama kioo kilichoganda. Huyo naye ni baba mkwe wa mtu.

"Tutatafuta," alisema. "Tutauza kitu. Mimi nitatafuta kazi nyingine. Lakini hilo siandiki."

Nsajigwa alitupa ganda motoni, likafuka. "Wewe una roho ngumu," akasema, akatoka.

*

Godwin alijua pa kugonga. Kama angekuwa mtu wa kuja asingejua. Lakini huyu alikuwa mtoto wa Kiwira, alimjua mkwe ni nani na baba mkwe ni nani katika nyumba ya Mnyakyusa, na alijua kwamba neno la mmoja halijibiwi na mwingine. Siku iliyofuata alimpigia tena Nsajigwa, akamkuta amekaa na baba yake sebuleni.

"Mwalimu, nasikia mzee yupo. Nipe nimsalimie. Weka sauti kubwa."

Nsajigwa akaweka. Alijua lengo la salamu hiyo, au nusu yake alijua. Akaweka simu juu ya stuli, karibu na dawa.

"Mugonile, tata," Godwin alimwamkia, akimwita baba, kwa Kinyakyusa kilichopata kutu. Akauliza habari za mguu, za migomba, za chai. Akajitambulisha kwa baba na babu, na Mzee Amoni akamfahamu babu yake, walikuwa wakikutana mnadani. Mzee akafurahi. Tangu afike Msasani hakuna mtu mkubwa aliyekuwa amemtafuta yeye kwa jina.

"Sasa tata, nina shida ndogo na mkweo," Godwin akasema. "Yuko kazini kwetu. Kuna kazi ya vijana imekamilika, inasubiri jina lake tu. Anakataa. Sijui nani amemuudhi. Mimi siwezi kumlazimisha, yeye ni mtu wa nyumba yako. Nimeona nije kwa mwenye nyumba."

"Anakataa jina?"

"Jina tu, tata."

"Jina haliishi kwa kuandikwa," Mzee Amoni akasema, akamwangalia mwanawe kwa kumshangaa kwamba jambo dogo hivi limefika mpaka Dar es Salaam. "Andikeni. Mimi baba yake nimekubali. Amekubali."

"Ndaga fijo, tata. Ndaga fijo," Godwin akashukuru.

Nsajigwa alikuwa na nafasi ya kusema. Simu ilikuwa mbele yake, kinywa chake kilikuwa kizima. Alikunja tu pembe ya blanketi la baba yake, akaikunjua, akaikunja tena.

*

Prisca ndiye aliyekuja kusema, akiwa na sahani tupu mkononi.

"Wifi, mambo yako yamekwisha. Baba ameshakusemea kwa bosi wako."

"Amenisemea nini?"

"Kwamba umekubali. Jina waandike. Sasa ungeacha kununa, na sisi tule."

Winfrida aliivuta kompyuta, akangoja intaneti ijikokote mpaka jikoni. Kiraka kilikuwa kimekwisha kutumwa upya. Hakuna herufi iliyobadilishwa. Mpangilio ulikuwa ule ule uliopinduliwa, upenyo ule ule. Kilichoongezwa ni mstari mmoja tu, chini kabisa: Imekaguliwa na Winfrida Mwaisumo.

Aliutazama. Miaka yote aliyokaa kwenye jukwaa lile hakuwahi kuonana na mtu hata mmoja. Hawakujua kama ni mrefu au mfupi, kama ana watoto, kama anaandikia kwenye moshi. Walimjua kwa mstari ule tu, na waliuamini kwa sababu hakuwahi kuuweka mahali pasipostahili. Sasa ulikuwa umewekwa kama kitasa kilichong'olewa kwenye mlango mmoja kikapigiliwa kwenye mwingine. Aliona aibu kwanza, aibu ya kuvuliwa nguo barabarani, na baada ya aibu ikaja ghadhabu.

Chini ya kiraka kulikuwa na barua ya msimamizi. Hakuwa mtu wa maneno mengi: "Winfrida, ulituonyesha kwamba kiraka hiki kinagandisha mashine. Sasa naona jina lako, na ndani hakuna kilichobadilika. Je, umekikagua na kukikubali? Leo nakusanya vya toleo hili. Ukiniambia ndiyo, nakichukua."

Alianza kuandika jibu. Mvua ikaanza. Ndani, mtu akachomoa waya, kama kawaida, na betri chakavu ya kompyuta ikazima kabla hajamaliza neno la pili.

Nsajigwa alikuwa kwenye ukumbi wa nyuma akivua viatu vya shule. Winfrida alimfuata.

"Ulikuwepo?" aliuliza.

"Nilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Ningemkatiza Baba? Mbele ya mtu?"

"Chomeka waya, Baba Justa. Nina barua ya kujibu."

"Unajibu nini?"

"Kwamba sijakubali."

Nsajigwa alisimama, kiatu kimoja mguuni. "Baba ameshasema umekubali. Ukiandika kwamba hukukubali, unamwambia Godwin kwamba Baba ni mwongo, na Godwin ataimaliza Kiwira yote na hadithi hiyo. Huwezi. Kama una la kubishana na Baba, nenda kamwambie yeye kwanza. Nenda, si yuko hapo ndani? Ingia umwambie."

Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyefunga mlango na ufunguo anao mfukoni. Alijua kwamba haingii.

Winfrida alirudi jikoni. Nsajigwa akadhani yameisha, akainama avue kiatu cha pili. Alipoinua kichwa mkewe alikuwa anapita mbele yake, kompyuta kifuani, waya wa chaji unaburuza, matone ya mvua kichwani. Alipita korido, akasukuma pazia la sebule.

*

Mzee Amoni alikuwa ameketi kitandani, mguu wenye bandeji umeegemezwa juu ya mto. Alipoona ni nani, aligeuza uso ukutani upesi, akavuta blanketi mpaka shavuni.

"Gwe Prisca! Prisca! Nani amemruhusu huyu?"

Prisca alikuwa akikunja shuka. Akabaki amelishika.

"Shikamoo, Baba," Winfrida alisema. Tangu aolewe hakuwahi kumwamkia mzee huyu uso kwa uso, na hata sasa alikuwa anauamkia mgongo.

Mzee hakuitikia.

"Samahani kwa kuingia. Ungekuwa huumwi ningengoja. Umetoa jina langu, nimekuja kulichukua."

"Mimi sikutoa kitu cha mtu," mzee aliuambia ukuta. "Kijana wa watu ameomba vizuri. Kwenye chama chetu cha chai mwenzako akikosa kikao unamwandikia jina, kikao kinaendelea. Hakuna anayekuja kupiga kelele kitandani kwa mgonjwa. Prisca, mtoe."

Prisca hakusogea.

"Baba, unalijua?" Winfrida aliuliza.

"Nini?"

"Hilo jina. Ulilowaambia waandike. Unalijua?"

Mzee Amoni alifungua kinywa. Mvua ilikuwa inapiga bati. Alitafuta, na watu wote mle ndani walisikia anavyotafuta.

"Wewe ni binti Mwaisumo," alisema mwishowe. "Mama Justa."

"Mwaisumo ni la baba yangu. Justa ni la mtoto wangu. La kwangu mimi umelitoa na hulijui. Ni Winfrida."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Nsajigwa aliingia mbio, mguu mmoja pekupeku, uso umemwiva.

"Mama Justa, toka! Umemkosea Baba heshima, umenikosea na mimi. Na ukiituma hiyo barua, Godwin anakuachisha leo hii, na bima inakwenda na kazi. Huu mguu tutaufunga na majani ya mgomba?"

Maneno yalimtoka yote kwa pamoja, na alipoyasikia alitamani kuyameza.

"Bima ipi?" mzee aliuliza, uso bado ukutani.

"Baba, tutaongea baadaye."

"Uliniambia shule inalipa."

"Baba..."

"Nauliza ni bima ya nani, Nsajigwa."

Nsajigwa alitazama sakafu. Prisca ndiye aliyeweka shuka chini.

"Ya wifi, Baba," alisema. "Tangu siku ya kwanza ni ya wifi."

Winfrida angeweza kuongeza neno. Alikuwa na mengi, na yote ni ya kweli: dawa, gari la kumleta, hata blanketi lile. Aliyaacha. Alivuta kiti, akakaa mle sebuleni, akachomeka waya kwenye soketi, akangoja mashine iwake. Kisha akaandika, na alipomaliza akaisoma barua kwa Kiswahili, kwa sauti, ili asiambiwe kesho kwamba alisema kingine.

"Sijakikubali kiraka hiki. Nilikikataa na bado nakikataa. Jina langu limewekwa bila mimi. Naomba liondolewe, na kiraka kisipokelewe mpaka mpangilio urudishwe."

Akaituma.

Simu ya Nsajigwa haikukawia kuita. Ilikuwa juu ya stuli, karibu na dawa. Nsajigwa hakuigusa, Winfrida hakuigusa. Ikaita mpaka Prisca akaibonyeza na kuweka sauti kubwa.

"Mwalimu, nipe mzee haraka," Godwin alisema. Safari hii hakukuwa na Kinyakyusa. "Mzee, unanisikia? Mkweo ametuaibisha mbele ya dunia. Mimi nilifanya kwa neno lako. Sasa sikiliza, bado naweza kumsaidia. Wewe sema tu hapo, na mimi narekodi, kwamba alikubali mbele yako. Nitamweleza msimamizi kwamba amechanganyikiwa na mambo ya ugonjwa nyumbani. Akisimama na barua yake, kazi hana, na hiyo bima inayokutibu inafungwa leo. Umenielewa, mzee? Neno moja tu. Alikubali au hakukubali?"

Mvua ilikuwa imepungua. Nsajigwa alimtazama baba yake kwa macho ya kuomba. Winfrida aliutazama mguu ule uliofungwa, ambao yeye ndiye aliyeulipia na hajawahi kuuona kwa karibu, na akajua kwamba neno lolote litakalotoka hatamlaumu mzee. Mtu na mguu wake.

Mzee Amoni alikuwa bado na blanketi shavuni, paji la uso karibu kugusa ukuta.

"Aliyekubali ni mimi," alisema. "Yeye hakuulizwa."